Lango Lililongoja Mwaka 3110

Uvumi ulikuwa hivi: lango la maji la mfereji wa Bang Phruk liliachwa wazi siku ya bamvua, bahari inapojaa kuliko siku zote, maji ya chumvi yakapanda mto yakaingia mashambani, na midoriani ya watu, ile miti ya matunda makubwa yenye miiba, ikaanza kupukutisha majani. Wapo waliosema mlinzi wa lango, Samruai, alikuwa amelewa chakari. Wapo waliosema mizimu ya mfereji imekasirika kwa kuwa watu wameacha kuipelekea maua. Lakini muuza mboga pale sokoni, huku akimfungia Maliwan fungu lake la majani, aliongeza neno lake kama mtu anayetia pilipili kwenye chungu cha mwenzake.

"Mwenyewe Samruai anaapa, dada. Anasema kompyuta ilimwambia 'Sawa'. Akafunga kibanda cha lango, akaenda zake kula."

Hilo "Sawa" lilimganda Maliwan kama kupe. Alirudi nalo nyumbani, akapika nalo, akalala nalo, akaamka nalo. Programu iliyoendesha lango la Bang Phruk ndiyo hiyohiyo iliyoendesha lango la mfereji wao wa Ta Klin, na aliyeitengeneza ni binti yake mwenyewe, Oraya, ambaye nyumbani wanamwita Tukta. Kikundi cha maji cha Ta Klin kilimwomba binti awasaidie, akawasaidia. Watu wa Bang Phruk walipoona lango la wenzao linajifunga na kujifungua kwa saa yake, walikuja kuiomba na wao, wakapewa.

Maliwan aliishia shule ya msingi, na kompyuta kwake ilikuwa kitu cha kupangusa vumbi. Lakini maji ya chumvi aliyajua. Kiangazi kikikaza, mto unakosa nguvu ya kuisukuma bahari, na bahari nayo haina aibu, inapanda mpaka huku juu kila maji yanapojaa. Mdoriani ukinywa maji hayo haukupi nafasi ya kuomba radhi. Ndiyo maana lango linafunguliwa maji yakipwa, mto ukiwa na maji baridi, na linafungwa kabla hayajajaa. Ukikosea, umeua.

Na yeye alishaona midoriani ikifa. Gharika ya mwaka 2554, kwa kalenda ya Kibudha inayotumika kwao, iliikuta shambani miti aliyoipanda mama mkwe wake, ikaiacha imekauka huku imesimama, kama watu walioganda wakipunga mkono. Mumewe hakuishi kuiona mingine. Maliwan alipanda upya peke yake, mche kwa mche, akaibebea maji ya bomba mgongoni miaka ya ukame, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, miti ilikuwa imezaa kuanzia matawi ya chini mpaka juu. Kila akiingia shambani alipunguza sauti, kama kuna mtoto amelala.

Jumapili hiyo asubuhi walikuwa shambani wote wawili, wanayafunga madoriani kamba kwenye matawi ili upepo usiyaangushe. Tukta alifanya kazi ofisini Bangkok, akirudi nyumbani mwisho wa wiki. Alikuwa juu ya ngazi. Mama alikuwa chini anampa kamba, na mdomo haukutulia.

"Tukta."

"Naam, mama."

"Lile la Bang Phruk."

"Mama bwana! Tumeliongea tangu jana. Mtu alilewa, akasahau. Basi."

"Umemuuliza yeye mwenyewe?"

"Nimuulize nini sasa? 'Kaka, siku ile ulikunywa chupa ngapi?'"

"Muulize kompyuta ilimwambia nini."

"Kompyuta haiongei na watu, mama. Programu yangu haina hata picha. Unaiandikia neno, inakujibu neno."

"Basi muulize ilimjibu neno gani. Unaogopa nini? Kama ni pombe, mimi nitanyamaza mpaka mwaka mpya."

"Mpaka mwaka mpya?"

"Naapa."

Tukta alicheka, akafuta mikono kwenye suruali, akatoa simu. Ahadi ya kunyamaziwa ilikuwa tamu. Alimpigia Samruai hapohapo juu ya ngazi, akafungulia sauti ili mama asije akasema amefichwa kitu.

"Mimi nimelewa?" Sauti ya Samruai ilitoka imechoka, kama mtu aliyekwisha kurudia jambo hilo kwa kila mpita njia. "Mdogo wangu, mimi nina vidonda vya tumbo. Hata kahawa siinusi. Nimeshasimamishwa kazi, watoto wangu wanachekwa shuleni, na wewe unaniuliza nililewa?"

"Sijasema hivyo, kaka. Nataka uniambie tu ulifanyaje."

"Nilifanya ulivyotufundisha. Niliandika 'onyesha', ikanionyesha ratiba yote. Nikaihifadhi. Nikabadilisha saa za kufunga kwa sababu maji yalikuwa yanawahi. Nikaandika 'pokea', nikairudishia. Ikajibu 'Sawa'. Sasa mimi nibishane na 'Sawa'?"

Tukta alikuwa ameshika kamba kwa meno. Aliitoa.

"Na mwaka, kaka?"

"Mwaka gani?"

"Mwaka ulioandikwa kwenye ratiba. Uliubadilisha?"

"Niubadilishe niuweke upi? Iliandika 2567. Mwaka huu ni 2567. Au huko Bangkok mna mwingine?"

Maliwan alimwona binti yake akishuka ngazi bila kutazama anapokanyaga. Uso ulikuwa umempauka.

"Nini?"

"Subiri, mama."

"Tukta, nini?"

"Mama, nakuomba!"

Kompyuta yake ndogo ilikuwa kwenye kitanda cha mianzi pembeni ya shamba. Aliifungua kwa mikono yenye utomvu. Humo alikuwa na nakala ya programu ileile ya langoni. Skrini ikawa nyeusi, na Maliwan akasogea nyuma yake, akaona maneno yanatokea mstari kwa mstari.

Tukta alizungumza huku anaandika, haraka haraka, na haikujulikana anamweleza mama au anajieleza mwenyewe. Kompyuta zote ndani zinahesabu mwaka wa Kizungu, 2024. Alipoitengeneza programu mara ya kwanza, ilionyesha huohuo, na ilipokea huohuo. Ndipo mwenyekiti wa kikundi, mzee Wirot, akaja juu. Akasema mkuu wa wilaya akipita akaona 2024 atauliza tangu lini Ta Klin imehamia Ulaya. Kalenda ya ukutani ni 2567, kitambulisho ni mwaka wetu, hati ya shamba ni mwaka wetu, lango nalo litafute jeuri ya nini? Tukta aliona ana haki. Akaibadilisha programu ionyeshe mwaka wa Kibudha.

"Ukabadilisha," mama alisema.

"Nikabadilisha inavyoonyesha. Inavyopokea sikuigusa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliyekuwa anairudishia ratiba ni mimi! Kila nikiichukua naugeuza mwaka kwa mkono, vidole vyangu vimeshazoea, hata sijui kama nafanya. Nilipopata kazi Bangkok juzijuzi nikawafundisha kwa simu. Onyesha, badilisha, rudisha. La mwaka sikulisema. Halikunijia kabisa, mama. Ni kama umfundishe mtu kupika wali halafu usahau kumwambia aoshe mchele."

Aliandika "onyesha". Ratiba ikatokea, kila mstari una 2567. Akaihifadhi, hakugusa kitu, akairudishia vilevile ilivyotoka.

Skrini ikajibu: Sawa.

Akaandika "onyesha" tena. Mistari ikatokea tena, na safari hii hata Maliwan aliona kuna kitu si chenyewe.

"Soma hapo," alisema. "Mwaka gani huo?"

"Elfu tatu mia moja na kumi."

"Elfu tatu?"

"Imechukua mwaka wetu ikadhani ni wa Kizungu. Ikauongezea juu miaka 543, ile tofauti ya kalenda mbili. Lango la Bang Phruk halikuharibika, mama. Linangoja. Limeambiwa lifungwe mwaka 3110, na limekubali."

Maliwan alikaa kwenye mianzi. Kichwani mwake aliliona lango, chuma kitupu, limesimama wazi kwa subira, maji ya bahari yanapita chini yake, na wote wanaolijua wamekwisha kufa, na wajukuu wa wajukuu zao. Halafu wazo jingine likamjia, na hilo lilimsimamisha.

"Thawin," alisema.

"Thawin amefanya nini?"

"Alipita hapa alfajiri kwa pikipiki. Ndiye zamu wiki hii. Mpwa wake anaingia utawa leo, wanamsindikiza hekaluni kwa ngoma. Kasema, 'Shangazi, leo sina wasiwasi, nimeshaiambia kompyuta ifunge lango mapema, mimi naenda kucheza mpaka viatu vikatike.'"

Wote wawili waligeuka kutazama mtaro uliopita kati ya matuta. Maji yake huwa yametulia kama chai kwenye kikombe. Sasa jani la mpera lilikuwa linaelea juu yake, polepole, na lilikuwa linatoka upande wa mfereji, linakuja shambani.

Maliwan aliinama na kalamu yake ya kupimia chumvi, kifaa kidogo kinachoonyesha namba. Akaichovya. Namba ilipanda, ikasita, ikapanda tena. Alichota kwa kiganja akaonja, ingawa hapakuwa na haja. Akatema.

"Yameanza kufika," alisema.

Tukta alikuwa anapiga simu. Iliita. Ikaita. Ikapokelewa, na kwenye kitanda cha mianzi pakalipuka ngoma, matoazi na vipaza sauti vya gari la muziki.

"Kaka Thawin! Lango! Lango liko wazi!"

"Ee! Wazi! Njooni nyote!" Thawin alipiga yowe la furaha. "Chakula kipo! Njoo na shangazi!"

Simu ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa.

"Mama, sikiliza. Wewe baki uzibe bomba letu. Mimi naenda langoni."

Bomba hilo lilipita chini ya tuta, likiingiza maji ya mfereji shambani kwao. Kuliziba ni kuingia kwenye mtaro mpaka kifuani, na kulishindilia udongo wa mfinyanzi kwa magunia, kazi ya kutoa roho. Shamba la Maliwan lilikuwa la kwanza kutoka langoni, kwa hiyo maji mabaya yalianza kwake kabla ya kwa mtu mwingine yeyote. Alitazama safu ya mbele ya miti, ile iliyo karibu na bomba, yenye matunda makubwa kuliko yote.

"Kibanda kimefungwa," alisema. "Ufunguo anao Thawin kwenye ngoma. Kompyuta hutaifikia."

"Kuna gurudumu la mkono nje."

"Peke yako? Thawin mwenyewe akilizungusha anamwita marehemu baba yake. Utalining'inia tu kama nguo."

"Basi bomba, mama? Miti yako!"

"Nyuma yangu kuna mashamba ya mfereji mzima," Maliwan alisema, akaipa miti mgongo. "Washa pikipiki. Washa kabla sijaitazama tena."

Walikwenda kwenye njia ya zege iliyo nyembamba kama ubao, mama amemkumbatia binti kiunoni, na mfereji uko kando yao, unapanda. Haukuwa na kelele yoyote, na hiyo ndiyo iliyomtisha Maliwan. Moto unapiga kelele, gharika inapiga kelele. Maji haya yalipita taratibu kama mgeni mwenye adabu, yakaingia kila bomba yalilolikuta wazi.

Langoni kibanda kilikuwa na kufuli. Kupitia kioo waliiona skrini, imewaka, na neno la mwisho alilojibiwa Thawin bado liko pale. Sawa. Maliwan alitamani kulitemea mate.

Tukta alichomoa pini inayoshika mota, wakalishika gurudumu, mmoja huku mmoja huku.

"Moja, mbili, sukuma!"

Halikusogea.

"Tena!"

Lilisogea kidogo, likalia kama mbuzi. Chini yao ubao wa chuma ulishuka upana wa kidole. Wakasukuma tena. Kutu ilimchuna Maliwan kiganja, jasho likaingia kwenye mchubuko, na akaendelea. Kila mzunguko aliona safu yake ya mbele. Kila mzunguko alijiambia, sasa yamefika mti wa kona, sasa yamefika ule wa pili.

Jirani mmoja alipita na baiskeli, mfuko wa barafu umening'inia usukani. Akasimama.

"Shangazi Maliwan, mnafanya mazoezi Jumapili yote hii?"

"Shika gurudumu, acha mdomo! Chumvi inaingia!"

Mtu yule alitazama maji, akaitupa baiskeli na barafu yake palepale. Watatu walikuwa bora kuliko wawili. Gurudumu lilianza kwenda, kwa vishindo, kwa matusi ya jirani ambayo hayafai kuandikwa, mpaka ubao wa chuma ukagonga sakafu chini na mkondo ukakatika. Upande wa nje maji yaliendelea kujaa, yakaulamba ukuta. Upande wa ndani yalisimama.

Tukta alikaa chini akalia. Maliwan hakumbembeleza. Hakuwa na muda. Alimwomba jirani baiskeli, akarudi nayo shambani anayumba, akaingia mtaroni na nguo zake, akaziba bomba. Ile kalamu hakuichovya tena. Alijua.

Baadaye kidogo, maji yakiwa bado yamejaa nje, Thawin alifika langoni na mzee Wirot nyuma yake. Mtu mmoja aliyemwona Maliwan akipita na baiskeli alikuwa amekimbia kuwaita hekaluni. Thawin alikuwa na ua sikioni na poda wanayopakana ngomani usoni kote. Maliwan naye alirudi, matope mpaka shingoni, na wakawa wote wanne ndani ya kibanda kidogo, hakuna pa kugeukia.

"Mimi nimekosa nini?" Thawin alisema kabla hajaulizwa. "Nimeonyesha, nimebadilisha, nimerudisha. Imesema sawa. Msinifanye Samruai wa pili hapa."

"Hujakosa, kaka," Tukta alisema. Macho yalikuwa mekundu, ila sauti ilikuwa imekaa. "Ulichukua nilichokupa ukanirudishia vilevile. Kosa ni langu. Programu yangu inatoa kitu ambacho yenyewe haiwezi kukisoma. Na ikishindwa kukisoma, haisemi. Inaitikia tu."

Mzee Wirot alijifuta shingo kwa kitambaa. Alikuwa mtu mzito wa kukubali, lakini hakuwa mjinga.

"Ni ule mwaka," alisema.

"Ni ule mwaka, mzee."

"Basi niseme na mimi. Nilikusumbua. Ondoa miaka yetu, weka hiyo ya Kizungu, yaishe. Mkuu wa wilaya akicheka, acha acheke."

"Siuondoi." Tukta alivuta kiti. "Thawin anaujua mwaka wetu, wewe unaujua, kila atakayekaa hapa baada yetu anaujua. Nikiweka 2024, kuna siku mtu ataona kosa na kuusahihisha uwe 2567, na tutarudi hapahapa. Nilikuwa naipamba kwa ajili ya macho ya wakubwa, nikasahau kuna mikono itakayokishika kilichopambwa. Ninachofanya ni kuifundisha isome inachokiandika. Hivyo tu."

"Na kesho maji yanajaa tena," Maliwan alisema kutoka mlangoni.

"Najua, mama."

"Nakukumbusha."

"Mama, najua!"

Alifanya kazi, na wao walisimama. Thawin alitaka kutoka kuvuta sigara, mzee Wirot akamwambia, "Kaa hapa ukaushe poda." Nje, maji yaligonga lango kama mtu anayebisha hodi kwa upole asiye na haraka. Maliwan alitazama mgongo wa binti yake na kwa mara ya kwanza aliona kazi ile ilivyo. Aliwahi kudhani ni kitu cha akili nyingi, cha watu wengine. Sasa aliona ni kama kupanda mche. Shimo lisipokuwa na kina sawa pande zote, mti utalala upande mmoja, na hutaujua ubaya wake mpaka upepo uje.

Kwanza Tukta aliirudisha ratiba ya asubuhi, iliyoruka mpaka 3110, iwe 2567. Kisha alieleza anachobadilisha. Ratiba itakayotoka itakuwa na alama ya mwaka wa Kibudha mbele ya namba, na hiyohiyo ndiyo itakayopokelewa. Mwaka usio na alama utakataliwa, na programu itataja ni mstari gani. Mwaka ulio mbali kuliko mavuno yajayo utakataliwa pia.

"Tayari," alisema. Lakini hakuinuka kwa furaha. Alimpisha Thawin kiti. "Fanya wewe. Kama ulivyofanya asubuhi, usibadilishe hata nukta."

Thawin aliandika "onyesha" kwa kidole kimoja, ulimi nje. Akaihifadhi ratiba. Akairudishia. Skrini ilichukua muda kidogo, na Maliwan akasogea kuitazama.

Sawa.

"Ndiyo, na asubuhi ilisema hivyohivyo," Maliwan alisema. Hakulipenda tena neno hilo hata kidogo.

"Ndiyo maana hatuondoki," Tukta alijibu. "Onyesha tena, kaka. Weka ya kwanza na ya pili, uilinganishe."

Waliiweka ya kwanza kando ya ya pili. Thawin alisoma kwa sauti mstari wa huku, mzee Wirot akasoma wa kule, kama watu wanaohesabu mali ya urithi. Mstari kwa mstari zilikuwa sawa. Mwaka ulikuwa uleule.

"Sasa idanganye," Tukta alisema.

Thawin akafuta namba ya mwaka kwenye mstari wa kwanza, akaiacha ile alama, akaandika 3110, akarudisha. Programu ikajibu: Sipokei. Mstari wa kwanza. Mwaka uko mbali mno. Hakuna kilichobadilishwa.

"Loo!" Thawin alisema, akalivua ua sikioni. "Sasa inanifokea kama mke wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka kibandani humo, na hawakucheka sana. Tukta alimpigia Samruai, akamwambia yote bila kujitetea, akamwambia pia kwamba mzee Wirot mwenyewe atakwenda Bang Phruk kuzungumza na wenye mashamba, na mzee Wirot akaitikia kwa kichwa kwa sababu wote walikuwa wanamtazama. Samruai akauliza tu, "Utakuja lini kuitengeneza ya huku? Maji hayangoji." Tukta aliondoka saa hiyohiyo.

Siku iliyofuata lango la Ta Klin lilijifunga lenyewe maji yalipoanza kugeuka. Watu walisimama juu yake kulitazama kama vile hawajawahi kuliona likifanya hivyo. Mashamba ya nyuma yalipona yote. Yalipata chumvi kidogo, wakayafungulia maji baridi yalipopwa, wakayaosha.

Safu ya mbele ya Maliwan haikupona. Ilianza kwenye ncha za majani, rangi ya kahawia kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Kisha majani yakashuka, asubuhi baada ya asubuhi, bila upepo. Aliyakata matunda yakiwa machanga, akayazika chini ya miti hiyohiyo kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuyapeleka. Safu za nyuma zilisimama. Tukta alirudi kila mwisho wa wiki, akang'oa visiki pamoja na mama yake.

Siku moja binti alisema, "Mama, ungebaki kuziba bomba, ungekuwa na miti yako."

"Na wewe ungekuwa langoni unaning'inia kama nguo," Maliwan alisema. "Leta jembe."

Kwa hiyo wenye watoto wanaotengeneza programu, na watoto wenyewe, na nyie mnaopewa kuzitumia, haya ndiyo ya kuepuka:

Usiifanye programu itoe kwa namna moja na ipokee kwa namna nyingine.

Usipambe kinachoonyeshwa kwa ajili ya wakubwa bila kuangalia nani atakichukua na kukirudisha.

Usiandike mwaka mtupu bila kusema ni mwaka wa hesabu ipi.

Usiache programu ijibu "Sawa" kwa jambo ambalo haikulielewa. Ni heri ifoke.

Usimfundishe mtu kwa simu jambo ambalo vidole vyako vinalifanya vyenyewe. Kaa naye, mwache afanye, wewe tazama.

Usiondoke baada ya kurudisha ratiba. Iambie ionyeshe tena, ulinganishe.

Usiende ngomani na ufunguo wa kibanda.

Usiseme mtu alilewa kabla hujamuuliza alijibiwa nini.

Usiache bomba lako la shamba wazi siku za bamvua, hata kama lango ni zima.